Maisha ya Kaka Yangu Milimita, Fundi wa Vioo vya Vichwa vya Treni

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wa karakana ya reli na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha, mimi ninayeshika karatasi hii ni mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, yule dereva wa treni mstaafu mwenye jicho moja, na najua wengi mmeshtuka kuniona hapa mbele, maana hakuna asiyejua mitaani kwetu kwamba mimi na marehemu hatukusemezana kwa miaka kumi na moja. Sikuchaguliwa na kikao cha familia. Kikao kilimchagua binti yake, mtoto wake wa kwanza, na ndivyo ilivyostahili, lakini juzi jioni shemeji yangu, mke wa marehemu, aliingia sebuleni akaagiza historia ya mume wake niisome mimi, na niisome yote, na alipotamka hilo neno "yote" alinitazama mimi peke yangu kati ya watu wote waliokuwa wamekaa. Sababu yake nitaieleza nikifika mahali pake, na nikisoma polepole mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa tatu, chumba cha mwisho kando ya tangi la maji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu baba yetu, ambaye alikuwa mkaguzi wa njia, akitembea kila asubuhi juu ya mataruma na spana begani kukaza boliti zilizolegea, na marehemu mama yetu, ambaye alifua na kupiga pasi sare za madereva mpaka mikono ikawa migumu. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, wakafuata dada zetu wawili ambao wote wametangulia, kwa hiyo leo nimebaki mimi, na kusema kweli, kama mngeniuliza ni nani kati yetu wanne alistahili kubaki, nisingejitaja. Kaka alinibeba mgongoni hadi nilipofika umri wa kuona aibu kubebwa, alinikatia kucha, alinifunga kamba za viatu, na siku nilipovunja chungu cha maji cha mama alikuwa mbali kabisa, uwanjani, lakini alipoona fimbo imeshuka ukutani alisema ni yeye, akachapwa yeye, jioni akanifinya sikio na yakaisha. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba kunifunika lilikuwa jambo alilolianza zamani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba Novemba 1971, na hakuchaguliwa kuendelea, si kwa uzito wa kichwa, ila kwa uzito wa mkono, kwani walimu walisema mtihani ulikuwa unakwisha yeye bado anapigia mstari kichwa cha swali la kwanza kwa rula, na mstari ukipinda anafuta anaanza upya. Baba alichukia, mama alicheka, mwenyewe akasema mstari uliopinda unamwasha kama upupu. Januari 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea useremala na ufungaji wa vioo, akahitimu Desemba 1975 akiwa wa pili katika darasa lake, na yule wa kwanza, kaka alitueleza kwa unyenyekevu mkubwa, alikuwa na rula nzuri zaidi.

Tarehe 1 Machi 1977 aliajiriwa katika karakana ya reli, benchi la madirisha, chini ya paa lile la mabati lililo mkabala na mizani ya magurudumu, na hapo ndipo alipopewa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile alilopewa na wazazi, Milimita, kwa sababu kila alipoulizwa kama dirisha limekaa sawa alijibu bado milimita mbili. Wenzake wakamtania wee, wakamwambia hata siku ya kuzikwa atainuka kupima kaburi, naye akajibu kwamba hatainuka, ila wapime vizuri wenyewe wasimtie aibu. Wale vijana waliochimba jana wameniambia walikumbuka maneno hayo na wakatumia uzi.

Kazi kubwa ya maisha yake ilianza Agosti 2004, pale mkuu wa karakana wa wakati huo alipompa jukumu la kubadilisha vioo vya vichwa vya treni vya zamani, vichwa kumi na viwili kwa jumla, ambavyo vilikuwa na umri wa kunizidi mimi na bado vilivuta mizigo na abiria kila siku. Kwa wasiojua, vioo vya mbele vya vichwa hivyo vilikuwa vioo vya kawaida kama vya dirisha la nyumbani, tofauti ni unene tu, na jiwe likirushwa, au ndege mkubwa akijipiga pale treni inapokwenda kasi, kioo kilivunjika vipande vikamwagikia usoni mwa dereva. Vioo vipya vilikuwa vya tabaka mbili, katikati vimegandishwa na utando usioonekana, ukivipiga vinapasuka lakini havimwagiki, ufa unabaki palepale na dereva anabaki na macho yake. Basi kazi ilikuwa kung'oa mpira mkavu, kuchonga fremu ya chuma ipokee kioo kinene zaidi, kupaka dawa ya kutu, na kukipachika kioo kipya kwa maji ya sabuni na kamba, kamba unaizungusha ndani ya mfereji wa mpira, mwenzako nje anasukuma kioo kwa viganja, wewe ndani unaivuta kamba taratibu, na mpira unajikunja wenyewe kuikamata fremu. Ukivuta kwa pupa, umeharibu.

Na mwanzoni waliharibu, naye ndiye aliyeharibu. Alipima kichwa cha kwanza mara tatu, akaona vichwa vyote vimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, akaagiza vioo vya vichwa sita kwa kipimo kilekile, na vilipofika havikuingia hata kimoja isipokuwa vile vya kichwa cha kwanza, kwa sababu kumbe miaka arobaini ya kugongwa, kunyooshwa na kuchomelewa ilikuwa imekipa kila kichwa sura yake, huku kimepanuka kidogo, kule kimeshuka bega, na kioo cha namna hiyo kikishatoka kiwandani hakipunguzwi. Wapo waliomshauri amsukumie lawama mwenye kiwanda. Yeye alisubiri saa ya chai, watu wote wakiwa wamekusanyika, akapanda juu ya benchi na kusema kwamba vile vioo vimekosewa na yeye, si na mwingine, akashuka akanywa chai yake. Tangu hapo alikata makadi ya boksi kwa kila dirisha la kila kichwa, akayaandika namba na kuyatundika ukutani kwa misumari, na kila alipomaliza kichwa alipanda kukaa kwenye kiti cha dereva robo saa nzima, treni imesimama, akitazama mbele kuhakikisha kioo hakipindishi njia, nasi madereva tukipita tunampungia mikono ya kwaheri na kumwuliza anafika saa ngapi. Kufikia katikati ya mwaka 2008 vichwa kumi vilikuwa tayari.

Vilibaki viwili, na kimoja kati ya hivyo, Namba Saba, kilikuwa changu. Hapa naomba niruke kwanza, nimalize mambo ya familia, nitarudi. Shemeji, nitarudi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 24 Desemba 1983 na huyu mama aliyekaa pale mbele, ambaye wakati huo alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kidogo cha kushonea nyuma ya soko, na namna walivyokutana ni kwamba kaka aliitwa kubadilisha kioo kilichopasuka cha dirisha lake, kazi ya saa moja, akaenda siku nne. Siku ya pili alisema amerudi kukagua, siku ya tatu alisema pameachia milimita moja upande wa kushoto, siku ya nne shemeji alimwambia kama anataka kusema jambo aseme, maana kioo hicho kitakwisha kwa kuguswa. Wakaoana. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1985, ambaye ni muuguzi, wa pili wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1988, ambaye ni mwalimu wa hisabati, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1993, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu watano, ambao marehemu aliwapima urefu kila mwezi kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, na asiyekua alilishwa zaidi. Huyu binti yake alipoolewa mwaka 2012 aliniandikia kadi kwa mkono wake, baba mdogo njoo, nami niliiweka chini ya redio, na siku ya harusi nikashinda nyumbani nikirekebisha redio ambayo haikuwa imeharibika.

Sasa narudi.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2008, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nikiwa ninaendesha Namba Saba na treni ya abiria, tulipishana na treni ya mizigo iliyokuwa ikija kwa kasi, kokoto moja ikaruka kutoka kwenye njia yao, si kosa la mtu, kokoto tu, ikapiga kioo changu cha zamani, na kioo kikanimwagikia usoni. Msaidizi wangu alifunga breki, treni ikasimama salama, abiria hawakuumia, mimi nilipasuliwa hospitali mchana ule na jicho la kushoto likatolewa. Kaka alifika kabla hata ya mke wangu, amevaa ovaroli la kazini, povu la sabuni limemkaukia mikononi, akasimama mwisho wa kitanda ameshika chuma cha kitanda, na akasema pole, mdogo wangu.

Wiki tatu baadaye iliundwa kamati ya uchunguzi kutaka kujua kwa nini Namba Saba, kichwa cha abiria, kilikuwa bado na kioo cha zamani wakati vichwa vya mizigo vilikwishabadilishiwa. Mimi niliulizwa mbele ya watu sita kama niliwahi kuitwa kukileta kichwa changu karakana, nikajibu kwamba sikuitwa. Kaka aliulizwa kama aliniita. Alinitazama, nikiwa na bandeji nusu uso, hadi mwenyekiti akarudia swali, ndipo akajibu kwamba hana karatasi ya kuonyesha. Basi. Kamati iliandika kuwa fundi alizembea, akaondolewa kwenye benchi la madirisha baada ya miaka thelathini na moja, akapelekwa stoo kugawa misumari na matambara ya kufutia mafuta, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake tarehe 9 Juni 2017, bila hata kijana mmoja wa ofisini kuja kumshika mkono. Mimi nikapewa kazi nyepesi kwenye chumba cha ratiba, nikawa shujaa, nikatembea mitaa hii nikimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba ndugu yangu wa tumbo moja aliniacha mwisho kwa sababu ananionea kijicho, kwa kuwa mimi naendesha na yeye anafuta madirisha. Nanyi mliniamini. Wapo waliokaa hapa leo walioacha kumsalimia kwa sababu yangu.

Hayo ndiyo mnayoyajua. Haya nitakayosoma sasa hamyajui.

Niliitwa. Niliitwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2007, aliponiletea karatasi ya zamu yangu ya kubadilishiwa vioo kwenye chumba cha madereva, na mara ya pili Februari 2008, alipokuja mwenyewe nyumbani kwangu, akakaa kwenye kochi langu na karatasi mkononi, akanisihi. Kichwa kikiingia kubadilishwa vioo kilikaa karakana siku tano, na kwa siku hizo dereva wake alipelekwa yadi kupanga mabehewa, mbele nyuma, mbele nyuma, kazi ya wanafunzi, nami nilikuwa dereva wa treni ya abiria, nimevaa kofia, watoto wananipungia mikono vituoni, niliona haya kuonekana yadi hata kwa siku tano. Ndiyo hiyo sababu yote, hakuna nyingine, msitafute kubwa zaidi. Mara ya kwanza nilimwambia aanze na wengine. Mara ya pili nilimcheka, nikamwambia kioo changu hakijawahi kukwaruzwa hata na nzi, aniache bwana, mwaka ujao, na akasema mdogo wangu, jiwe halisubiri mwaka ujao, nikamwambia ana maneno ya kizee, nikaweka sahihi kwenye karatasi zote mbili pale palipoandikwa kwamba dereva ameomba kuahirisha.

Kwa utaratibu, karatasi hizo zilipaswa kwenda kwa mkuu wa karakana, na dereva aliyeahirisha mara mbili alikuwa anavuliwa kichwa chake. Kaka hakuzipeleka. Hilo ndilo kosa lake, na leo nalisema kwa sababu shemeji ameagiza yote, alizificha ili nisivuliwe, akawa anangoja nilainike, na mtu aliyepima kila kitu kwa milimita alinipima mimi kwa huruma, akakosea.

Nilipokuwa mbele ya kamati nilijua anazo. Nilisema sikuitwa huku nikingoja azitoe mfukoni. Nilikwisha kaza moyo, nikasema moyoni acha azitoe, nitaaibika, yataisha, na hakuzitoa, akasema hana karatasi ya kuonyesha, nami nikashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Na kuanzia jioni ile sikuweza kumtazama. Ndugu zangu, mtu aliyekukosea unaweza kumsamehe ukalala, lakini mtu uliyemkosea wewe, tena akanyamaza, huyo kila ukimwona ni kidonda, basi nikajifundisha kumchukia ili nipumzike. Nikipishana naye sokoni nilivuka barabara. Tulimzika mama yetu tarehe 6 Agosti 2013, sote wawili tumeshika beleshi, hatukutazamana, na shemeji akanitilia chakula kwenye sahani kama mtu mwingine yeyote.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota mwaka 2015 kwa kikohozi kisichosikia dawa, na baada ya vipimo vya Machi 2018 madaktari wakatueleza, yaani waliwaeleza wao, mimi nilisikia kwa majirani, kwamba mapafu yake yamechakaa kwa vumbi la vioo na chuma alilolivuta miaka yote ya kuchonga fremu, na kwamba hayatapona. Alitibiwa nyumbani, mitungi ya hewa ikawekwa chumbani, akalala ameketi, akaendelea kuwapima wajukuu kwa kuwaelekeza kwa kidole wao wapige alama wenyewe. Tarehe 28 Oktoba mwaka huu wa 2019 alizidiwa, akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani.

Nilikwenda hospitali mara mbili nikaishia getini. Mara ya tatu, Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa kumi jioni, niliingia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akaniona mlangoni, akatoa ile mipira ya hewa puani ili acheke vizuri, akasema kumbe bado unatembea kama bata, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema mwongo, akanisukumia mkate wake na chai yake, nikala. Akaniuliza jicho linaniuma wakati wa baridi, nikasema linauma kidogo. Nilikaa saa nzima. Nilizungumza juu ya kuku wangu. Nilizungumza juu ya bati la jikoni linalovuja, akanieleza namna ya kuliziba, akakohoa, akaendelea kunieleza, na kila nilipofungua mdomo nianze lile jambo nilijikuta nimerudi kwenye kuku, na yeye akinipokea kwa furaha, akiniuliza wanataga mangapi, akinirahisishia. Kengele ya wageni ikalia. Nikamwambia nitakuja Jumanne, nina jambo la kukwambia, akasema njoo, mimi sina safari.

Kaka yetu alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili na miezi mitano. Nilifika saa nne, nimevaa shati safi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Jambo hilo nililokuwa nalo nililipeleka kwa shemeji siku ileile, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Nilipiga magoti jikoni kwake nikamweleza yote, niliitwa, mara mbili, nikakana, nikidhani ataanguka au atanimwagia maji ya moto. Aliendelea kuchambua mchele wa wageni. Akaniambia shemeji, nyanyuka, hilo ninalijua tangu siku uliyopasuliwa, maana jioni ile alirudi kutoka hospitali, akazitoa zile karatasi zenye sahihi yako, akaniomba kiberiti, na mimi ndiye niliyemwashia. Alisema kijana amepoteza jicho, asipoteze na kazi. Basi kaka hakudanganya kamati, karatasi kweli hakuwa nayo. Nikamwuliza shemeji, hata siku ya kumzika mama ulinitilia chakula, ukijua? Akasema alikuwa amekatazwa kusema, na aliyemkataza sasa amelala, na amri yake imelala naye, kwa hiyo atakayesema ni mimi niliyekana, mbele za watu, kabla hajafunikwa udongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kilichoniumbua si kifo changu, ni cha mwenzangu.

Jana asubuhi nilikwenda ofisi ya karakana, nikaandika maelezo mapya ya ajali ya Namba Saba kwa mkono wangu, nikatia sahihi, na mkuu wa sasa ameahidi ripoti ya kamati itaandikwa upya na jina la marehemu litasafishwa. Mkuu mwenyewe yupo hapa. Wakitaka kunichukulia hatua, nyumba yangu wanaifahamu.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule dada wa zamu ya asubuhi aliyemshika mkono hadi mwisho wakati sisi wenye damu yake tulikuwa tumelala majumbani kwetu. Nawashukuru majirani waliobeba mitungi ya hewa kupanda na kushuka ngazi mwaka mzima na zaidi bila kuombwa mara mbili. Nawashukuru wafanyakazi wa karakana, na wewe hasa uliyeshika benchi la madirisha baada yake, uliyekuwa unakwenda stoo kwa kisingizio cha misumari ili akufundishe, na ndiyo sababu Namba Saba na mwenzake walipata vioo vyao mwaka 2010, kwa makadi aliyoyakata yeye. Wale wote walioacha kumsalimia kwa ajili ya maneno yangu, dhambi hiyo msiibebe, niachieni. Watoto wa kaka, siwaombi chochote leo. Shemeji, nimesoma yote.

Kaka, mimi niliogopa dakika hizi. Wewe ulikaa stoo miaka tisa, ukapita sokoni bila salamu ya ndugu yako, ukakohoa peke yako, ili mimi nisisimame mbele ya watu kama nilivyosimama sasa na kusema niliitwa nikakataa. Nimesimama, nimesema, nimeaibika, na tazama, miguu bado inanibeba, watu hawajaondoka, jua liko palepale. Kumbe ilikuwa ni hii tu. Kumbe yalikuwa ni maneno ya kusomwa yakaisha, tena Jumamosi ulinipa saa nzima na mkate juu yake, mimi nikakueleza habari za kuku.

Pumzika, mwana wa mama yangu, upumzike kwa amani.